Mwaka Shangazi Aliponenepa

Mzee Bura tulimzika Tlawi mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya Mbulu inayoingia mpaka kwenye meno, na watu walipoanza kusogea kwenye chakula mimi nikapenya nyuma ya jiko, nikaingia chumba cha marehemu mke wake, shangazi yangu Veronika. Sikuwa na shida na wali. Nilitaka tu kuona kama kiti bado kipo. Kipo. Kiti cha mbao chenye mikono mipana, kimetandikwa ngozi ya kondoo, kimegeuzwa kulitazama dirisha dogo ambalo hata mchana wa jua linaingiza mwanga kwa shida. Nikakaa. Nje namsikia binti yangu Anna akigawa sahani, "Shikamoo bibi, karibu chakula," na mimi nimejikunyata humo ndani kama mtoto anayekwepa kutumwa. Nilikuwa nimepandisha kilima kutoka makaburini nikisimama kila baada ya hatua kadhaa, nikijifanya nasalimia watu. Pumzi iliporudi, mwaka ule wote ukarudi nao, na harufu yake ya moshi na maziwa.

Habari za ukoo sitazieleza. Nani kamzaa nani na nani alihamia lini, waulizeni wazee, wao wanazipenda. Inatosha mjue kwamba mimi ni mtu wa Gendabi, kule Hanang, kwenye tambarare, ambako ukisimama mlangoni unaona mlima mzima na unaona mgeni akiwa bado mbali sana, una muda wa kuchemsha chai kabla hajafika. Tlawi kila upande ni kilima. Asubuhi ukungu unakaa juu ya paa mpaka mtu anasahau kama kuna anga. Nililetwa pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nimsaidie shangazi ambaye hospitali walimkuta na sukari. "Wiki chache tu," niliambiwa. Wiki chache za wazee mnazijua wenyewe. Mimi nilikuja na gauni mbili na kandambili, na mvua za kwanza zilinikuta na kandambili zile zile.

Shangazi alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, sauti yake ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Sukari ilimnyonya. Nilipofika magauni yalikuwa yanamning'inia mabegani na kitambaa cha kichwa kinateleza kwenye paji la uso. Kwa Mzee Bura, mume wake, hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe. Sukari hakuiona, aliona mke amekonda, na mke aliyekonda maana yake majirani wanasema nyumba haina chakula. Siku moja tunakula, ugali wa mtama na maziwa mgando kwenye bakuli moja kubwa, nikajipa moyo nikamwambia kwamba mwalimu mkuu wetu ametuma salamu, nimepata nafasi chuo cha ualimu, wanaripoti baada ya mavuno. Mzee alitafuna taratibu mpaka akamaliza. Akasema, "Shangazi yako akirudisha mwili, nitakupeleka stendi mimi mwenyewe." Akanawa mikono. Nilifurahi mno jioni ile, mjinga mimi. Mzee Bura alikuwa mtu wa kushika neno, na ndiyo ilikuwa taabu yake, kwa sababu akishasema hivyo hakuna aliyeweza kumwambia chochote tena, wala yeye mwenyewe.

Basi nikawa mlinzi wa mwili wa mtu mwingine. Naamka, nakamua, nachota maji, nachambua mboga ya mnafu, napika, na muda wote jicho liko kwa shangazi. Amekula? Amemaliza? Shavu limejaa? Nilikuwa namwangalia kama watu wanavyomwangalia fahali wa Krismasi. Na wageni nao hawakutusaidia. Kwetu huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kitu cha kumpelekea mgonjwa ni sukari na soda, haijalishi anaumwa nini. Wakaja wanajumuiya, wakaja wakwe, wakaja mpaka jamaa wa Gendabi waliokuwa wakipita na ng'ombe wao, kila mmoja na kifurushi chake. Mgonjwa wa sukari analetewa sukari, jamani! Rafu ya jikoni ikawa imejaa, sisimizi wakahamia kwetu na familia zao. Shangazi hakuweza kukataa. Kumrudishia mgeni alichobeba ni kumwambia usije tena. Alikuwa anapokea soda ya chungwa kwa mikono miwili, anaitia mdomoni, anashukuru, na mgeni akigeuka kutema mate dirishani, chupa inakuja kwangu, naimimina kwenye kikombe changu. Tulikuwa tunacheka mpaka anashika mbavu. Hayo ndiyo niliyoyapenda mwaka ule, na wala hayakuwa mengi.

Kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na maneno yalipita bila kubisha hodi. Niliyoyasikia zaidi nikiwa jikoni ni swali moja na jibu lake. "Unaumwa wapi?" "Siumwi popote." Kila mgeni aliuliza, na kila mgeni alijibiwa hivyo, na Mzee Bura akawa anaongezea, "Haumwi popote, ni kukonda tu." Kwetu ugonjwa lazima uonyeshe kidole mahali. Kichwa, tumbo, mgongo. Ukiwa huna pa kuonyesha, wewe ni mzima, chukua jembe.

Siku ile ya kupura maharage naikumbuka kwa sababu ya jasho. Tulikuwa uani na fimbo, baridi imebana, sisi wengine tumejifunga shuka, shangazi tu ndiye anatiririka jasho. Akaacha fimbo ikaanguka. Akakaa chini juu ya maganda, uso wa rangi ya jivu, akatapika kidogo pembeni, akajifuta mdomo na kanga. Mzee akamkimbilia. "Kifua kinauma?" "Hapana." "Tumbo?" "Hapana. Nimechoka tu, Baba Emanueli, niache nikae." Tukamkokota ndani, tukampa chai, akalala mchana wote. Kesho yake alisimama, akasonga ugali wake. Hakuna aliyelizungumzia tena. Mtu kuchoka wakati wa maharage ni habari gani?

Baada ya pale akahamia kwenye kiti. Alisema kitanda kina baridi, kitini yuko karibu na moto. Akajipangia mito mgongoni, na asubuhi nikienda kufungua dirisha namkuta amekaa vile vile, kichwa kimeegemea ukuta, macho yako wazi. "Umelalaje, shangazi?" "Kama malkia," anasema. Akienda zizini anasimama njiani, anaita kuku ambao hawapo. Mimi nilidhani ni uzee umeanza kumchezea. Halafu, na hapa naomba mnielewe, akaanza kunenepa. Haki ya Mungu akanenepa! Miguu ikajaa, tumbo likajaa, gauni la kijani likambana kiunoni. Wageni wakaingia wakipiga makofi. "Mama Emanueli umenawiri!" "Sasa ndiyo wewe tunayekujua." Mzee Bura akatembea kijijini kifua mbele. Mimi nikaanza kufua gauni zangu mbili na kuzikunja, nikizikunjua na kuzikunja tena. Nilikuwa nasikia raha mpaka naogopa, maana chuo kilikuwa kinakaribia kufungua na mwili ulikuwa umerudi, kila mtu ameuona.

Mzee akatangaza sala ya shukrani. Jumuiya ije Jumapili baada ya misa, wamshukuru Mungu kwa ajili ya mke wake, na hapo hapo waniage mimi, Jumatatu ananipeleka stendi kama alivyoahidi. Asubuhi ile nikachemsha maji nikamwosha shangazi miguu ili avae viatu vyake vya kanisani, vile vyeusi vya mkanda. Havikuingia. Nikasukuma, havikuingia. Nikaushika mguu vizuri ili nisukume kwa nguvu, kidole gumba changu kikakaza juu ya mfupa wa muundi, na nilipokitoa, alama ya kidole ikabaki. Shimo. Nikasubiri lijae. Halikujaa. Nikabonyeza pengine, juu kidogo, shimo lingine. Nyama hainenepi hivyo. Kwetu nilishaona ng'ombe aliyevimba, najua maji chini ya ngozi yanavyobonyea.

Nikamwangalia usoni. Alikuwa ananiangalia yeye, sijui tangu saa ngapi.

"Shangazi, haya ni maji."

"Vuta shuka unifunike."

"Ulijua?"

"Tangu maharage." Akavuta pumzi, akaiacha, akavuta nyingine. Kumbe ndivyo alivyokuwa anavuta siku zote, na mimi nilikuwa nasikia bila kusikia. "Nikilala chali nazama, Paskalina. Nikikaa napata nafuu. Sasa sikiliza. Mzee alisema nikirudisha mwili, uende. Mwili si huu umerudi? Nenda. Funga mdomo, kula wali wa watu, kesho panda gari."

"Na wewe?"

"Mimi siumwi popote," akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha kuishiwa.

Nilimchukia wakati ule, niseme ukweli. Nilimchukia kwa kunipa kitu nilichokitaka kuliko vyote na kukiweka mahali ambapo siwezi kukichukua bila kumkanyaga. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukungu, nikatazama vilima vile kila upande, nikalia kwa hasira. Kisha nikaingia kuosha vikombe, kwa sababu jumuiya walikuwa wanakuja.

Walijaa sebule na ua. Waliimba vizuri, watu wa Tlawi wanajua kuimba. Mama mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwembamba wa maneno machache, akasali sala ndefu ya shukrani. Shangazi amekaa kitini, shuka jipya kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole, anatabasamu, anapokea kilo za sukari. Mzee Bura akasimama, akasema neno lake limetimia, mke wake amepona, na mtoto huyu wa shemeji yake amefanya kazi, kesho anakwenda kusoma. Vigelegele! Wakasema na mimi niseme neno. Nikasimama. Shangazi akanitumbulia macho, akatikisa kichwa taratibu mno. Nilikuwa nimepanga nishukuru na kukaa, naapa. Badala yake miguu ikanipeleka mpaka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikalifunua shuka mbele ya wazee na wakwe zake na katekista, mguu wa mama mtu mzima wazi mpaka gotini, nikakandamiza kidole gumba na kukitoa.

"Hajanenepa," nikasema. "Tazameni. Ni maji."

Aibu iliyoingia humo ndani ingeweza kukatwa kwa panga. Mzee Bura akafoka, "Wewe mtoto! Umerogwa?" Katekista akageukia ukuta. Shangazi akafumba macho, machozi yakapita chini ya kope, wala hakujifunika. Mama mwenyekiti ndiye aliyekuja. Akapiga magoti pembeni yangu, akabonyeza na yeye, akatazama shimo lake kando ya langu, yote mawili yamekaa pale pale. Akasema kwa upole, "Baba Emanueli, mgonjwa huyu aende hospitali ya Haydom kesho asubuhi." Ikawa hivyo. Jumatatu nilipelekwa stendi kweli, Mzee kanitangulia na begi. Ila begi lilikuwa la shangazi.

Basi la kupitia Dongobesh lilijaa watu waliofungwa vitambaa na wanaokohoa, na shangazi alikaa dirishani njia nzima bila kuniambia neno. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakamvalisha nyaya za kupima umeme wa moyo. Daktari alikuwa kijana wa Tanga, ana Kiswahili laini cha kwao, anamwita Mzee "mzee wangu" kila sentensi. Alitukalisha. Alisema sukari ikikaa kwenye damu miaka bila kushikwa, inaharibu mishipa midogo inayoulisha moyo, na nyama ya moyo inaota makovu, inakakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyosahaulika juani. "Moyo wa mama bado una nguvu ya kujikaza, mzee wangu. Taabu yake ni kulegea. Moyo lazima ulegee ndiyo damu iingie. Usipolegea, damu inapanga foleni nyuma yake, maji yanavujia kwenye mapafu na kushuka miguuni." Kisha akaonyesha karatasi ya nyaya. "Na hapa kuna sehemu ilishakufa. Si juzi wala jana. Aliwahi kupata maumivu makali ya kifua?"

"Haumwi popote," Mzee akajibu haraka, kama alivyozoea.

"Ndiyo kawaida ya sukari," daktari akasema. "Inaua na mishipa ya fahamu. Moyo unakatika kipande, na mwenyewe hasikii. Anatoka jasho tu, anachoka, pengine anatapika."

Nikamwangalia Mzee Bura. Naye alikuwa ameona ua, maganda, fimbo iliyoanguka. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo, "Maharage. Maharage." Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile, na mwaka mzima nilikuwa namwona kama komeo la mlango.

Walimpa vidonge vya sukari, vya moyo na vya kukojoa, wakamkataza chumvi, wakatufundisha kumbonyeza miguu kila asubuhi kuangalia kama maji yanarudi. Maji yakatoka. Tuliporudi Tlawi alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkuta mwanzo, mifupa ya mabega imechomoza, na analala chali kitandani usingizi mzuri, anakoroma. Wageni waliingia wakatoka wakinong'ona nyuma ya jiko, nikiwasikia, "Jamani Mama Emanueli amekwisha." Alikuwa hajawahi kuwa mzima vile tangu nimfahamu, na hakuna aliyeliona hilo. Na mimi je? Akirudisha mwili, uende. Mwili ukirudi sasa maana yake anakufa. Afya yake ilikuwa kukonda kule kule, na neno la Mzee lilikuwa bado limekaa katikati ya nyumba, halina wa kuliondoa. Chuo kilifunguliwa, nafasi yangu akapewa mwingine. Nilikuwa nachota maji, natazama ukungu, nafikiri nitazeeka na kandambili.

Shangazi alininunia. Aliniongelesha kwa ajili ya kuni na maji tu. Mara moja, tunachambua mboga isiyo na chumvi, alisema bila kuinua macho, "Nilikupa mlango ukaufunga," nikamjibu, "Ulitaka nipitie juu ya maiti yako," akanirushia bua la mnafu. Lakini asubuhi nilipomshika miguu kuibonyeza, alikuwa ananinyooshea mwenyewe, mmoja halafu mwingine, kabla sijaomba.

Yakavunwa maharage ya mwaka mwingine. Jumapili moja alipanda kilima cha kanisani bila kusimama kuita kuku, akarudi, akavua viatu vyake vya mkanda, akamwita mume wake. "Mzee, mwili wangu ni huu. Nimeurudisha, ndio huu unaouona. Ukisubiri mwingine, huyu mtoto atazeekea hapa." Mzee alimtazama kwa muda, mifupa yake yote. Akasema, "Kesho nitampeleka." Wakanisindikiza wote wawili, shangazi akipumzika kwenye jiwe kila alipochoka, bila kuficha. Kwenye gari nilisubiri anibariki, anilaumu, lolote. Akasogea dirishani akasema, "Huko usiende ukafunua watu miguu hadharani," na akacheka ile sauti yake ya zamani, watu wote stendi wakageuka. Nafasi nyingine niliitafuta nikaipata, nikawa mwalimu. Aliishi mpaka akamwogesha Anna akiwa mchanga, kwa mikono yake.

Hayo yote nilikuwa nayafikiri kwenye kiti, siku ya mazishi ya Mzee Bura, na viatu vyangu nimevilegeza kwa sababu vinabana. Mimi nina sukari miaka mingi sasa. Nameza dawa, nasahau, nameza. Tangu Pasaka nimekuwa nalala na mito mitatu, na shuleni wananiambia, "Mwalimu umenawiri." Anna akaingia, mikono inanuka sabuni ya vyombo. Amepata ajira yake ya kwanza, muuguzi, Tunduru, mwisho wa nchi kabisa. Amesubiri ajira hiyo mpaka tumechoka kuomba.

"Mama, umejificha huku? Tiketi nimekata, kesho asubuhi. Uko sawa?"

Mkono wangu ulishavuta kitenge kufunika miguu. Sikuutuma. Na mdomo wangu ukasema, "Niko sawa kabisa, siumwi popote," na niliposikia sauti iliyotoka nilishtuka, maana haikuwa yangu, ilikuwa ya chumba kile.

Anna alikuwa anageuka atoke. Nikamwita.

"Njoo. Chuchumaa hapa." Nikafunua kitenge. "Bonyeza."

Akabonyeza kama walivyomfundisha, akatoa kidole, akalitazama shimo. Nikaona tiketi inavyomfia machoni.

"Siendi," akasema. "Nitapiga simu niwaambie siendi."

"Utaenda. Sijakuonyesha ili ubaki. Nimekuonyesha ili usije ukaambiwa na watu."

"Na nani atakupeleka Haydom?"

"Miguu hii hii. Imejaa, ila inatembea. Kesho stendi tunakwenda wote, wewe unapanda basi la kwako, mimi napanda la kwangu."

Alilia kidogo juu ya goti langu. Kisha akajifuta, akanifunga viatu, akalegeza mkanda tundu moja, akaniinua kutoka kwenye kiti kile.